Mama Mkwe Kanishonea Suti ya Kuzamia, Nami Nikiivaa Sinyooki

Mpendwa Shangazi Koleta,

Shikamoo. Naomba msaada wako, tena unijibu upesi, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu natakiwa kushuka chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu mbele ya watu wa kwetu na watu wa ukweni, na jinsi mambo yalivyo sasa hivi naweza kushuka vizuri kabisa ila kupanda ndiyo sina uhakika.

Kwanza jina langu usilitaje. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, kwetu Vudee, milimani huku juu ya Same. Darasa la saba nilimaliza nikiwa namzidi mwalimu mkuu kichwa kizima, na kidato cha pili niliachana na shule kwa sababu ambazo mimi na hesabu tunazijua. Urefu wangu ni mita mbili na sentimita nne bila viatu, na hapo sijisifu, nimepimwa na Wazungu watatu kwa nyakati tofauti na kila mmoja alirudia kupima. Nimetembea, Shangazi. Mafia nimekaa, Pemba nimekaa, Msumbiji nimekanyaga ingawa ilikuwa nusu siku tu na mashua iliharibika. Miaka saba nimefanya kazi na watalii wanaozamia kutazama samaki, nikaanza kwa kuwabebea mitungi ya hewa, miwili bega hili na miwili bega lile, mpaka bosi akasema huyu kijana badala ya kubeba hewa ya wenzake naye apewe ya kwake, nikafundishwa, nikafanya mtihani nikafaulu, kadi ninayo ina na picha, ingawa kichwa kimekatika kwa juu maana mpiga picha hakurudi nyuma vya kutosha.

Huku nyumbani ukisema unazamia wanadhani ulizamia Sauzi bila pasi, imebidi nieleze hadi msibani. Lakini sasa wote wameelewa, na nikipita sokoni Same wazee wananiita Samaki, na mimi naitika.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwezi wa tano alikuja Athumani, mwenyekiti wa wavuvi kule bwawani, akanikuta nakula makande kwa mama akasimama mlangoni akasema, "Mrefu, wewe si ndiye uliyekuwa unaishi na samaki wa bahari?"

Nikamwambia, "Ndiye mwenyewe."

"Basi njoo uwasalimie na wa kwetu. Wanakufa bure."

Akaeleza kwamba chini kule kuna nyavu za miaka na miaka zilizonasa kwenye visiki zikakatika, mwenyewe kashazisahau lakini zenyewe hazijasahau kazi, zinaendelea kuvua, samaki wanaingia wanaoza humo humo. Wavuvi wamekubaliana kufanya msaragambo, kila mtu atoe alichonacho kama tunavyofanya sisi milimani tukichimba mfereji, mwenye mtumbwi alete mtumbwi, mwenye kamba alete kamba, na kwa upande wa kifua cha kwenda chini hawakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Na kabla hujaniuliza habari za mamba, Athumani ni mzaliwa wa pale, mahali pa kuzama anachagua yeye, na mitumbwi ya walinzi itakuwepo.

Nikakubali. Ningekataaje? Mimi kuogelea nimejifunzia ndani ya ndiva ya kijijini kwetu, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, nikachapwa kwa kuyachafua, na leo naitwa kwenye bwawa kubwa kwa heshima.

Tatizo likawa mavazi. Mafia kule maji ni ya moto moto, miaka yote saba nilizama na fulana na taiti kwa sababu suti za kuzamia za bosi zilikuwa za watu wa kawaida. Bwawani si hivyo, kuna visiki vyenye ncha, kuna ndoano kwenye nyavu, ni Julai na baridi yetu unaijua, na mchumba wangu Fortunata anafanya kazi zahanati, alisimama mbele yangu mikono kiunoni akasema, "Kichocho nakijua mimi. Ukiingia na taiti yako ya Mafia, pete hiyo kamvishe mwingine." Nikatafuta suti Tanga, nikatafuta Dar es Salaam. Ndefu kuliko zote iliishia chini kidogo ya goti. Nyingine nilipewa ya mtu mpana, wakaniambia hiyo itakutosha maana ni kubwa, ilikuwa kubwa kweli, humo ndani tungeingia mimi na Athumani na mizigo tukaweka, lakini mguu bado ulikuwa mfupi! Vitu vingine sina shida navyo, mapezi nimepata yale ya kufunga kisigino kwa mkanda ambayo unavaa juu ya kiatu chake, namba arobaini na nane, mpira wa kupumulia nimeweka mrefu ili nikigeuza shingo usinivute mdomo, hayo nayajua vizuri sana na wengi nimewafundisha mimi. Suti ndiyo ilinishinda, nikaishia kununua mbili kuukuu nikawaza zitaungwa.

Na wa kuunga yupo, Shangazi, na hapa ndipo naomba ukae vizuri kwenye kiti. Mtu pekee mwenye cherehani ya kushona kitu kizito hivyo hapa Same ni Mama Asteria, anashona viti vya mabasi na maturubai, sindano yake inapita kwenye kitu ambacho sindano za wengine zinakatika zikikiangalia tu. Huyo ndiye mama yake Fortunata. Mama mkwe wangu mtarajiwa.

Wewe ni Shangazi, huna haja ya kuelezwa ukweni ni nini. Mimi na yeye tukikutana njiani mmoja anapisha. Nikienda kwake nakaa kiti cha mlangoni na salamu natoa nikiwa naangalia kuku. Sasa huyo mtu atachukua utepe anizungushe kifuani? Anipime paja? Hata kuwaza kwenyewe nimeona aibu mpaka masikio. Yeye akiwa na akili ya ufundi akapata njia, akaongea na Fortunata mimi nikiwa pale pale mlangoni, "Mwambie mwenzio alete suti yake inayomkaa vizuri kuliko zote, koti na suruali, nitapimia mezani."

Nikapeleka suti yangu ya kujitambulishia. Ile waliniona nayo wote, ya rangi ya majivu, niliipata mtumbani Dar, nasikia ilikuwa ya Mzungu wa Norwei, na siku ile ya kujitambulisha shangazi mmoja wa Fortunata aliniuliza mbona mikono ya koti inaishia juu ya saa, nikamjibu hiyo ndiyo fasheni ya Ulaya kwa sasa, saa lazima ionekane, na soksi vile vile. Wakaridhika wote na mjomba mmoja akakunja mikono ya koti lake palepale.

Mama Asteria akafanya kazi siku kumi na moja. Zile mbili akazifumua akaziunga kuwa moja, gundi kwanza halafu uzi, mishono imelala kama haipo, nakuambia nimeona suti za Ulaya na hazifikii. Kifuani akaandika kwa uzi mwekundu wa viti vya basi, herufi kubwa, MKWE WA ASTERIA. Nilipoiona machozi yalinilengalenga, si uongo. Baba yangu hayupo, mama yangu macho hayaoni vizuri, hakuna mtu aliyewahi kunishonea nguo tangu sare ya darasa la kwanza, siku zote navaa zilizobaki za watu, na leo mtu kakaa siku kumi na moja kwa ajili ya mwili wangu.

Nikaingia chumba cha stoo kuijaribu. Miguu ikaingia, mikono ikaingia, nikavuta zipu, halafu nikataka kusimama. Shangazi, haikutaka! Mabegani inavuta chini, kwenye mapaja inavuta juu, mimi katikati nimekuwa upinde. Kola imenikaba koo. Sauti ya mama mkwe ikatoka nje ya pazia, "Fortunata, muulize mwenzio, imemkaa?"

Nikiwa nimeinama vile vile nikajibu kwa nguvu, "Imenikaa kama ngozi niliyozaliwa nayo, mama!"

Akapiga vigelegele. Wateja wakapiga. Dereva mmoja aliyeleta viti akapiga honi.

Juzi asubuhi nikaenda nayo peke yangu kwenye ndiva kwetu, nikasema labda majini italegea. Nikafunga mtungi, nikaingia, nikajilaza chini. Ile kuvuta pumzi, pumzi imefika nusu ya kifua ikagonga ukuta ikarudi. Nikavuta tena fupi, tena fupi, kama mbwa kwenye jua, kichwa kikaanza kuwa chepesi, na kwa sababu nimejikunja mtungi unanigonga kisogo kila nikiinua uso. Nikatoka. Nilikaa ukingoni kwa muda nikiangalia vidole vyangu vinatetemeka, mimi ambaye nimeshuka mita thelathini na mikondo ya Mafia inanijua.

Na sasa mama mkwe amewaambia Same nzima. Umoja wa akina mama wa usharika wanakuja na lori, na kwaya, na masufuria ya makande, kutazama kazi ya mikono yake ikiingia majini. Mshenga wetu Sifael ananiambia mama mkwe hajawahi kuongea vizuri juu yangu kama wiki hizi, hata ile habari ya kwamba sina kazi ya kudumu hazungumzii tena. Nikimwambia haifai nitakuwa nimemvua nguo yeye. Nikiivaa najua kifua changu. Nimewaza niseme nina mafua. Nimewaza niikate kisirisiri kiunoni kwa wembe. Nimewaza nivumilie tu, ni saa moja, mwanaume ni kuvumilia, na mimi kupungukiwa na nguo nimezoea. Fortunata hajui chochote. Nifanye nini, Shangazi, ambacho nitabaki na pumzi na nitabaki na mkwe?

Wako,
Mtoto wa Milimani Asiyejulikana, Same.

SHANGAZI KOLETA ANAJIBU

Asiyejulikana wangu, marahaba.

Umesema nisitaje jina lako na sijalitaja. Ila wewe umetaja la mchumba, la mama mkwe, la mshenga, la mwenyekiti wa wavuvi, umetaja kijiji, kisha ukasema una mita mbili na sentimita nne na kifua chako kimeandikwa kwa uzi mwekundu. Hapo Same wako wangapi? Gazeti likishuka kwenye basi tu umeshajulikana, na mama mkwe wako, kama ni fundi wa kweli, analisoma kabla ya kulikata vipande vya kuchorea nguo. Kwa hiyo neno la kukaa kimya lifute kabisa. Limeshapita.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulikwenda ndiva peke yako! Na mtungi mgongoni, na nguo iliyokukaba, na hakuna hata mbuzi wa kukushuhudia. Kadi yenye picha ya kukatika kichwa hawakukufundisha kwamba mtu hazami peke yake? Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka meza.

Mimi habari za chini ya maji sizijui, nilichozamisha kikubwa ni ndoo ya kisima. Nikampigia simu mwanamke mmoja anaitwa Salha, yuko Tanga, anafundisha watu kuzamia na amezika aibu za wanaume wengi. Nikamwambia kuna kijana anataka kushuka na suti iliyombana kifua kwa sababu ya heshima.

Akaniuliza, "Ana watoto?"

"Bado."

"Mwambie hatawapata."

Halafu akanieleza taratibu. Majini mtu anaishi kwa pumzi ndefu, ya polepole, inayojaza na kumwaga. Nguo ikikuzuia, unavuta fupi fupi, hewa chafu inabaki mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, hofu inaingia, na mwenye hofu anakimbilia juu haraka, na wanaokimbilia juu haraka ndio wanaoletwa wakiwa wamelala. Kichwa chako tayari kilikuwa chepesi kwenye ndiva yenye kina cha kitoto. Vidole vilitetemeka kwa sababu vina akili kukuzidi. Hiyo "kuvumilia saa moja" usinirudishie tena, wala wembe, wala mafua.

Tuje kwenye suti. Kabla sijaanza kushona maneno ya watu nilishona nguo zao miaka kumi na miwili, kwa hiyo barua yako niliisoma kama fundi. Niliisoma mara tatu nikimtafuta mkosaji. Mama Asteria nikamwachia. Mila nikaziachia. Mara ya tatu nikaliona koti.

Mwanangu, fundi alikuambia lete nguo inayokukaa vizuri kuliko zote, nawe ukampelekea koti linaloishia juu ya saa na suruali inayoonyesha soksi. Yeye akapima mezani kwa uaminifu, sentimita kwa sentimita, akashona kile ulicholeta. Amemshonea Mzungu wa Norwei! Siku ya kujitambulisha uliuambia ukoo mzima kwamba ule ufupi ni fasheni, mpaka mjomba wa watu akajikunja mikono, na ulipofika wakati wa kusema ukweli ule uongo ukaukuta umekaa mezani kwa fundi unapimwa kwa utepe.

Lakini hapo hapo nakuhurumia, tena sana, kwa sababu naona jinsi ilivyotokea. Wewe hukudanganya kwa ubaya. Hujawahi kuvaa nguo inayokutosha, utaijuaje? Umejifunza kuinama mlangoni, kukunja magoti kitandani, kuvuta mikono ya shati nyuma ya mgongo ukipigwa picha, halafu ukaviita vyote hivyo kawaida. Suti ilipokukunja upinde, mwili wako ulisema, aa, hii tunaijua. Ndiyo maana ukajibu "kama ngozi niliyozaliwa nayo." Ulisema kweli kwa namna yako, na ndicho kilichoniuma.

Basi sikia. Urefu wako si kosa la kuombea radhi. Wavuvi wote wa pale wakapanga msaragambo, na kifua kilichopatikana ni chako. Huo mwili ndio unaoitwa kazini, kwa hiyo upimwe wenyewe, usipimwe kwa niaba.

Heshima ya ukweni sitaki iguswe, hata unywele. Mama Asteria asikupime, na kuku uendelee kuwaangalia. Lakini heshima haijamkataza mjomba wako kushika kamba, na Mpare asiye na mjomba sijamwona. Chukueni kamba ya katani, nyembamba, isiyovutika kama utepe wa mpira. Simama pekupeku mahali tambarare, umenyooka, na ninaposema umenyooka nina maana umenyooka. Salha anasema kwa mtu mrefu kipimo cha kwanza si mguu wala mkono, hivyo vikipungua utapata baridi tu. Kipimo cha kwanza ni kiwiliwili: kamba ianzie juu ya bega, ishuke kifuani, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni, irudi kwenye bega lile lile. Na kabla mjomba hajafunga fundo, vuta pumzi mpaka mwisho, uishike. Hapo ndipo fundo. Hicho ndicho kipimo ambacho koti na suruali mezani haviwezi kukitoa hata vingekuwa vyako kweli, kwa sababu koti halijui suruali inaanzia wapi. Halafu mkono, ukiwa umeunyoosha mbele kama unayefikia wavu, kuanzia uti wa mgongo hadi kifundo cha mkono. Halafu mguu, kwa ndani. Kila kipimo kamba yake, ya kwanza fundo moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, wala hamna haja ya kuandika. Kamba haina aibu. Mama mkwe ataishika bila kukushika.

Suti yenyewe haijafa. Ulikuwa na akili ya kukataa ile pana ya kuingia na Athumani, maana upana hauongezi urefu, unaleta mfuko wa maji mgongoni, yanaingia ya baridi yanatoka ya moto. Dawa ni kuikata kiunoni, akate fundi mwenyewe, kwa mkasi wake na ridhaa yake. Iwe vipande viwili: suruali inayopanda hadi kifuani na mikanda ya mabegani ya kulegeza, na koti linaloshuka hadi nyongani, vipishane shibiri nzima. Hapo kiwiliwili kinapata nafasi ya kunyooka na maji hayapati mlango mpana. Kitambaa cha kuongezea kipo. Salha ana suti kuukuu iliyochanika magoti, mgongo mzima, ameipakia kwenye basi la Same pamoja na kopo la gundi. Nenda stendi, ulizia mzigo ulioandikwa SAMAKI. Jina hilo umelitoa mwenyewe.

Ikishonwa, usiulizwe nyuma ya pazia. Ijaribu mbele ya mjomba na mshenga. Inua mikono juu yote miwili, chuchumaa, simama, vuta pumzi kumi ndefu. Vidole viwili viingie kwenye kola. Pumzi ya kumi isipofanana na ya kwanza, irudi mezani, na useme kwa mdomo wako "mama, bado." Neno fupi kuliko suruali zako zote. Kumbuka pia mpira wa suti ukiongezeka utaelea zaidi, kwa hiyo risasi za mkanda, zile nzito za kukuzamisha, zipimwe upya, majini, ukiwa na mtu.

Na mtu huyo ni nani? Barua nzima hukumtaja mwenzako wa kuzama. Salha aliniuliza hilo mara mbili. Nikamwambia naona hana. Akauliza, "Makande ya Upareni yana nazi?" Nikamwambia yanawekwa maziwa. Akasema atakuja. Atafika Alhamisi, atakagua vifaa vyako vyote kimoja kimoja, ataongea na Athumani habari za mamba kwa urefu kuliko ulivyoongea wewe, na akisema hapazamwi, hapazamwi, hata kwaya iwe imeshafika ubeti wa tatu. Suti nayo ikichelewa, Athumani ataahirisha. Zile nyavu zimesubiri miaka. Wewe ukiongezwa humo zitakuwa zimepata.

Limebaki moja, na ndilo lililokufanya ushike kalamu. Mchukue Sifael, maana ndiyo kazi ya mshenga, mpitie Fortunata aambiwe kwanza, asisikie zahanati. Nendeni kwa Mama Asteria leo, na zile kamba zenye mafundo. Usianze na Mafia. Usianze na Msumbiji. Sema hivi: "Mama, kazi yako haina kosa. Koti langu ndilo lililokudanganya, nami nililiacha lidanganye kwa sababu nguo ya kunitosha sijawahi kuwa nayo. Naomba iwe hii." Basi, nyamaza. Unaogopa utamvua nguo? Fundi haaibiki kwa kipimo kilicholetwa kibovu, anaaibika kazi yake ikimwua mtu mbele ya umoja wa akina mama. Mwanamke aliyeandika MKWE kwa uzi wa viti vya basi, uzi usiokatika, hakuandika ili afumue.

Na wewe Mama Asteria, ikiwa umefika kwenye mstari huu kabla yake, nakusalimu fundi mwenzangu. Weka chai ya tangawizi. Noa mkasi. Herufi zako nyekundu usiziguse, zitabaki kifuani pale pale, isipokuwa safari hii zitasomeka kutoka mbali kwa sababu mwenye kifua atakuwa amesimama.

Asiyejulikana, kunja gazeti uende. Mlango wa mkweo ni mfupi, kwa hiyo inama ukiingia. Iwe ndiyo mara ya mwisho.

Shangazi Koleta